Kutoka Askari Wawili wa Yale hadi Magari ya Deraya

Mwaka 1894 askari wawili wa mji wa New Haven, William Weiser na James Donnelly, walipangiwa lindo katika Chuo Kikuu cha Yale. Wakati huo wanafunzi na polisi wa mji walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wawili hawa wakazunguka mabwenini, wakazoeana na vijana, wakajulikana kwa majina. Hapo ndipo ulipoanzia upolisi wa vyuo nchini Marekani. Kwa miongo mingi vyuo vingine viliridhika na mlinzi wa kufunga milango usiku na kuangalia moto usizuke.

Mambo yalibadilika tarehe 1 Agosti 1966, Charles Whitman alipopanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na kuwamiminia risasi watu waliokuwa chini kwa zaidi ya saa moja na nusu. Chuo hakikuwa na kikosi chake cha silaha. Raia walikimbilia bunduki zao za kuwindia, wakawa wanamjibu kutoka chini. Mwaka uliofuata jimbo likaruhusu vyuo vyake kuunda polisi wao, uamuzi ambao mzazi yeyote angeuelewa.

Lakini miaka hiyohiyo wanafunzi waliandamana kupinga ubaguzi na vita vya Vietnam, na waliotumwa kuwatuliza walitoka nje ya chuo. Mjini Orangeburg, mwaka 1968, polisi wa barabara kuu wa South Carolina waliua vijana 3 weusi. Katika Chuo Kikuu cha Kent State, tarehe 4 Mei 1970, askari wa Walinzi wa Taifa walifyatua risasi zaidi ya 60 katika sekunde 13, wakaua wanafunzi 4. Vyuo vingi vikaona heri kuwa na polisi wao, wanaowafahamu wanafunzi.

Zana za jeshi zikaja kwa mlango mwingine. Mpango wa serikali uitwao 1033, uliopitishwa mwaka 1996, uliruhusu vifaa vya ziada vya jeshi kugawiwa polisi bila malipo, na polisi wa vyuo nao wakapanga foleni. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Ohio State kilipokea MRAP, gari la deraya lililotengenezwa kuhimili mabomu ya kutegwa barabarani Iraq na Afghanistan. Katika kampasi yenye maktaba na uwanja wa mpira, sioni bomu ambalo gari hilo lilikuwa linalisubiri.

Silaha iliyotumika Chuo Kikuu cha California, Davis, tarehe 18 Novemba 2011, ilikuwa ndogo kuliko gari hilo. Wanafunzi waandamanaji walikuwa wameketi kwenye njia, mikono wamefungamana, vichwa wameinamisha. Afisa wa polisi wa chuo akapita taratibu mbele ya mstari wao, mkono mmoja umeshika chupa, akiwapulizia dawa ya pilipili ya rangi ya chungwa nyusoni. Huyu hakuwa mgeni aliyeletwa kutoka nje. Alikuwa mlinzi wao. Uchunguzi ulibaini kuwa kitendo hicho hakikuwa na sababu ya msingi, na kwamba aina ile ya chupa haikuwa hata miongoni mwa zana zilizoidhinishwa. Chuo kililipa dola milioni 1 katika suluhu na wanafunzi hao.

Na usalama wenyewe? Jeanne Clery aliuawa bwenini mwake, Chuo Kikuu cha Lehigh, mwaka 1986. Muuaji alikuwa mwanafunzi mwenzake, aliyeingia kupitia milango iliyoachwa wazi. Wazazi wa Jeanne hawakudai bunduki zaidi. Walidai vyuo vilazimishwe kuwaeleza wanafunzi uhalifu unaotokea karibu nao, na sheria ikapita mwaka 1990.

Chuo cha Virginia Tech nacho kilikuwa na polisi wenye silaha tarehe 16 Aprili 2007. Yapata saa 1:15 asubuhi watu wawili walipigwa risasi bwenini. Polisi wakamfuatilia mtu asiyehusika, wakidhani ni ugomvi wa wapenzi. Barua pepe ya kwanza kwa wanafunzi ilitoka saa 3:26, madarasa yakiwa yameshajaa. Dakika chache baadaye muuaji alikuwa katika jengo la Norris Hall, milango ameifunga kwa minyororo, na humo akaua watu 30. Wizara ya Elimu ilikitoza chuo faini kwa kuchelewesha onyo. Mwaka 2008 sheria ya Clery ikaongezwa kifungu: hatari ikithibitika, wanafunzi waarifiwe papo hapo.