Sentensi Zisizomalizwa: Nyayo za Mantan Moreland

Kwenye Sunset Drive, mashariki mwa Hollywood, kuna kiwanja cha studio kilichopitia mikono mingi tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Kituo cha televisheni cha KCET kilikaa hapo kwa takriban miaka 40, mpaka mwaka 2011 kilipoliuzia Kanisa la Scientology. Kabla yao, katika miaka ya 1940, geti la kiwanja hicho lilikuwa la kampuni ya Monogram. Filamu zake zilipigwa haraka na kwa fedha kidogo, nyingi zikiwa na urefu wa saa moja na ushei. Wakubwa wa Hollywood waliziweka kampuni za aina hiyo kwenye fungu la makabwela. Mwenye kufuata nyayo za Mantan Moreland hana budi kupita kwenye geti hilo, kwa sababu humo ndimo alimofanyia sehemu kubwa ya kazi iliyompa jina.

Aliyewahi kutazama filamu za zamani za mpelelezi Charlie Chan anamjua Moreland hata kama jina halimjii. Ni yule dereva mfupi, mwenye uso wa mviringo na macho yanayozungumza kabla ya mdomo, Birmingham Brown. Yeye ndiye anayefungua kabati lenye maiti. Yeye ndiye anayemshauri bosi waondoke zao wangali hai. Wenzake wakikagua alama za vidole, yeye anakagua mlango ulipo.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1902 katika mji wa Monroe, jimbo la Louisiana. Angali mvulana alianza kutoroka nyumbani kufuata sarakasi na vikundi vya maonyesho ya kusafiri. Mtoto Mweusi wa Kusini mwa Marekani wa wakati ule hakuwa na njia nyingi za kuuona ulimwengu, na jukwaa lilikuwa mojawapo. Kufikia mwaka 1928 alikuwa Broadway, New York, miongoni mwa wachezaji wa onyesho la Blackbirds. Lakini mtu aliyemfinyanga hasa ni Flournoy Miller, na hapa itabidi tukae kidogo, maana bila Miller hadithi hii haina uti wa mgongo.

Miller na mwenzake Aubrey Lyles ndio waliotunga hadithi ya Shuffle Along, onyesho la mwaka 1921 lililowafungulia Weusi milango ya Broadway upya. Wawili hao walikuwa na mchezo mmoja wa maneno ambao wenye fani waliuita mazungumzo yasiyokamilika. Watu wawili wanakutana na kuanza kupiga soga. Mmoja anaanza sentensi, na kabla hajaitaja nomino yake mwenzake ameshaelewa na kujibu. Naye jibu lake halifiki mwisho, kwa sababu yule wa kwanza ameshalidaka. Kwa mfano wangu mwenyewe wa kubuni:

“Umemwona yule —”
“Jana! Alikuwa na —”
“Siye. Yule aliyeolewa na —”
“Kumbe! Mimi nilidhani alihamia —”
“Huko hakukaa. Kodi ilikuwa inafika —”
“Ghali hivyo? Mbona mimi nalipa —”

Basi inaendelea hivyo kwa dakika nzima au zaidi. Hakuna jina, bei wala mahali panapotajwa, ila wote wawili wameelewana vizuri kabisa, wamekubaliana, wamebishana na wameagana. Ukisoma kwenye karatasi unaona ni kitu chepesi. Jukwaani ni kazi ngumu mno. Ukiingia mapema kwa nusu sekunde umemkatiza mwenzako, na ukichelewa kwa nusu sekunde sentensi imekufa mikononi mwake. Lyles alifariki mwaka 1932, na miongoni mwa waliosimama mahali pake kando ya Miller alikuwa Moreland. Mtu hapewi nafasi hiyo kwa sababu ya kukodoa macho. Anapewa kwa sababu ana sikio.

Alipoingia kwenye filamu katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, kulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ulikuwa wa filamu za Weusi, zilizotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema ya mitaa yao. Humo mchekeshaji Mweusi angeweza kuwa kauboi au hata mwenye mali. Moreland alikuwemo katika Two-Gun Man from Harlem ya mwaka 1938, akiwa na Herb Jeffries, mwimbaji aliyepanda farasi. Mlango wa pili ulikuwa wa studio za Wazungu, na kwenye mlango huo sare zilikuwa zimeshashonwa kabla mtu hajabisha hodi: bawabu wa gari moshi, mtumishi wa nyumbani, mpiga viatu rangi, dereva.

Monogram ilimpa sare hizo, ila kwa bahati ikampa na muda wa kuonekana. Kuanzia Irish Luck ya mwaka 1939 alifanya mfululizo wa filamu na kijana mmoja Mzungu, Frankie Darro. Humo Darro ndiye mwenye mbio za kupeleleza na Moreland ndiye mwenye akili ya kuogopa. Wanaonekana kama marafiki, na kwa Hollywood ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Ndipo ikaja King of the Zombies, mwaka 1941. Ndege inaanguka kwenye kisiwa cha Karibi. Abiria ni watatu: rubani, bwana mmoja, na Jeff, mtumishi wa huyo bwana, ambaye ndiye Moreland. Wanapokelewa kwenye jumba la daktari mmoja wa kutisha. Mabwana wanapewa chumba, Jeff anaamriwa kulala na watumishi. Huko jikoni mtumishi wa kike anamweleza kuwa nyumba ina wafu wanaotembea. Jeff anakimbia juu kuwaambia wakubwa, mguu niponye, nao wanamcheka. Anarudi, anawaona tena, anakwenda tena kusema. Filamu inakwenda hivyo karibu mpaka mwisho: mtu mmoja anajua ukweli tangu mwanzo, na hakuna anayemwamini kwa sababu ya nafasi aliyopangiwa nyumbani humo. Sidhani kama Monogram ilikusudia kusema hayo. Moreland ndiye anayefanya yaonekane, kwa sababu hofu yake haina upumbavu ndani yake. Mpangaji wa hofu hiyo ni yeye mwenyewe: anatazama, anahesabu, kisha anaamua kuondoka. Baadaye anaambiwa kwamba naye ameshageuzwa mfu, akaamini, akajipanga kwenye foleni na wenzake. Hata katika kutembea kama maiti, macho yake yanaendelea kutafuta chakula kilipo.

Kwenye orodha ya wachezaji jina lake lilikuwa la tatu. Kwenye majumba ya sinema ya mitaa ya Weusi lilipandishwa juu, kwa sababu wenye majumba hayo walijua watu wamemfuata nani.

Mwaka 1944 Monogram ilizichukua filamu za Charlie Chan. Moreland alicheza katika 15 kati ya 17 zilizotengenezwa hapo mpaka mwaka 1949. Katika mbili alizokosa nafasi yake ilishikwa na Willie Best, kwa jina la Chattanooga Brown. Itazame meza ya wachezaji hao: watoto wa Chan waliigizwa na vijana wa asili ya Kichina, Benson Fong na Victor Sen Yung. Dereva Mweusi aliigizwa na mtu Mweusi. Mpelelezi Mchina mwenyewe, ambaye ndiye bwana wa filamu, aliigizwa na Sidney Toler, Mzungu wa Missouri, na baada ya kifo chake mwaka 1947 na Mzungu mwingine, Roland Winters.

Ndani ya mpangilio huo uliopinda, Moreland aliingiza mali yake. Katika The Scarlet Clue ya mwaka 1945, Birmingham anakutana kwenye studio ya redio na rafiki wa zamani, aliyeigizwa na mchekeshaji Ben Carter, na hapo hapo wanaanza: mazungumzo yasiyokamilika, ule ule mchezo wa Miller na Lyles. Mauaji yanasimama. Kamera inatulia. Kijana wa Chan amekaa pembeni akigeuza shingo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, hajaambulia kitu. Kwa muda huo mfupi wenye siri ni hao wawili, na mpelelezi mzima angehitaji mkalimani. Walirudia katika Dark Alibi mwaka 1946, na mwisho wa mwaka huo huo Carter akafariki.

Lakini nje ya studio upepo ulikuwa umeshaanza kugeuka. Mwaka 1942 NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kilifanya mkutano wake Los Angeles, na katibu wake, Walter White, akawaendea wakubwa wa studio kudai Weusi wapewe nafasi za watu kamili. Alikuwa na haki. Vijana Weusi walikuwa wakipelekwa vitani kupigania uhuru wa wengine, huku sinema ikiwaonyesha nyumbani kama watu wa kutetemeka na kubeba mizigo. Waigizaji wa zamani walikuwa na hofu, nao wakiongozwa na hoja isiyopuuzika: nafasi za watumishi zikifutwa, nani aliahidi kuwapa nyingine? Hattie McDaniel, aliyepokea Oscar mwaka 1940 akiwa amekaa kwenye meza ya pembeni, alikuwa mmoja wao.

Kilichotokea kwa Moreland kinauma kukisimulia. Filamu za Chan zilipokwisha mwaka 1949, simu ilinyamaza. Studio zilizomvika sare kwa miaka kumi sasa ziliona haya kumwonyesha, na hazikufikiri kumvua sare hizo na kumpa koti. Alirudi jukwaani, akashirikiana na kijana Nipsey Russell, na katikati ya miaka ya 1950 walionekana pamoja katika Rock 'n' Roll Revue, filamu ya wanamuziki na wachekeshaji.

Kisha, Januari 1957, jina lake likatokea mahali ambapo wengi wa waliomwona kwenye kabati lenye maiti wasingemtafuta: ukumbi wa Ethel Barrymore, Broadway, katika Waiting for Godot ya Samuel Beckett. Mwaka mmoja kabla, tamthilia hiyo ilikuwa imechezwa Broadway na Bert Lahr, yule Simba Mwoga wa The Wizard of Oz. Safari hii wachezaji wote walikuwa Weusi, chini ya mwongozaji Herbert Berghof: Earle Hyman, Rex Ingram, Geoffrey Holder, na Mantan Moreland katika nafasi ya Estragon. Haikumaliza wiki moja. Tarehe 21 ilifunguliwa, tarehe 26 ikafungwa.

Hata hivyo, nadhani hakuna chaguo lililokuwa sahihi zaidi. Wanaume wawili wako kando ya barabara. Hawana pa kwenda. Wanadakiana maneno, wanaacha jambo nusu, wanalirudia, wanaelewana juu ya kitu ambacho hakitajwi. Wahakiki waliandika mengi kuhusu falsafa ya Beckett, lakini kuhusu ufundi wa sentensi inayokatwa ili mwenzako aidake, Moreland alikuwa ameusomea kwa miaka mingi, na mwalimu wake alikuwa Miller.

Baada ya hapo zilikuwa nafasi ndogo ndogo. Alipigwa na kiharusi. Katika Spider Baby, iliyopigwa mwaka 1964 na kukaa kabatini kwa miaka kadhaa, anatokea mwanzoni tu, mpeleka barua anayechungulia dirishani na kuuawa. Mwaka 1970 alikuwa nyuma ya kaunta ya mgahawa katika Watermelon Man ya Melvin Van Peebles, kwa mara hii akiongozwa na Mmarekani Mweusi kwa fedha za studio kubwa. Alifariki tarehe 28 Septemba 1973.

Mwaka 2000 Spike Lee alitoa Bamboozled, filamu yenye hasira kuhusu onyesho la televisheni ambalo wachezaji wake Weusi wanajipaka masizi. Shujaa wa onyesho hilo, anayeigizwa na Savion Glover, anapewa jina Mantan, na mwenzake, Tommy Davidson, anapewa jina la zamani la jukwaani la Willie Best. Hasira ya Lee naielewa na sehemu kubwa ya mashtaka yake nayakubali. Jina tu ndilo ninalolipigania. Maana ndani ya filamu hiyo hiyo, wale wawili wanasimama jukwaani na kuanza kudakiana sentensi zisizo na jina, bei wala mahali, mchezo ambao Moreland na Carter walikuwa wameucheza katika filamu za Chan, na ambao Miller na Lyles waliucheza kabla yao. Ukiusikiliza bila kutazama masizi, humo hamna mtumishi wala mwoga, na kicheko kinakuja pale pale kilipokuwa kikija.