Kutoka Kalamu ya Mwanzi hadi Mashine ya Chapa: Mabadiliko ya Hati katika Uandishi wa Kiswahili

Kukabiliana na mabadiliko ya ghafla ya teknolojia si jambo lililoanza na kompyuta. Waandishi wa Kiswahili walikumbana nalo zaidi ya karne moja iliyopita, hati ya Kiarabu waliyoirithi kwa vizazi vingi ilipoanza kusukumwa kando na hati ya Kirumi na mashine ya kupigia chapa. Suala la msingi katika historia hiyo si kwamba hati mpya ilishinda, bali ni nani aliyevuka nayo na ni nini kilichoachwa ng'ambo.

Hati ya zamani ilikuwa na mizizi mirefu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni miongoni mwa kazi kongwe zilizobaki. Hati hiyo ilifundishwa chuoni pamoja na Kurani, ikatumika katika barua, hesabu za biashara, mambo ya mirathi na tenzi. Hata hivyo, ilikuwa na ugumu wake. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo i na e ziliweza kuandikwa kwa alama moja, na u na o vivyo hivyo. Sauti p nayo mara nyingi ilibebwa na herufi ya b. Msomaji alipaswa kuijua lugha vyema kabla ya kusoma. Kwa mwenyeji, hilo halikuwa kikwazo kikubwa. Kwa mmisionari na afisa mgeni, lilikuwa ukuta.

Huko Unguja, Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha mwongozo wa lugha mwaka 1870, na vijana wa misheni, wengi wao waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wakafundishwa kusoma kwa hati ya Kirumi na kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kutoka Kiungani. Baadaye serikali ya Wajerumani iliikumbatia hati hiyo katika shule na ofisi zake. Wahitimu wa shule ya serikali ya Tanga wakawa makarani na walimu. Hivyo ngazi ya heshima iligeuka: kijana asiye na ukoo aliweza kupata mshahara kwa kalamu, ilhali mwanachuoni wa mji, aliyesoma tangu utotoni, akaonekana ofisini kama mtu asiyejua kusoma.

Wenye elimu ya zamani hawakukaa kimya. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa herufi za Kiarabu; Heinrich Brode akazigeuza katika hati ya Kirumi na kuzichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli ilitokana na kalamu yake, lakini kitabu kilipotoka mwaka 1903 kilibeba jina la Carl Velten. Huko Lamu, Muhammad Kijuma, mshairi na mchonga milango, alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Naye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alionyesha njia nyingine: katika miaka ya 1930 alitoa gazeti la Sahifa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ishara kwamba hati ya zamani nayo iliweza kuyabeba mambo mapya.

Hati ya Kirumi ilileta manufaa makubwa: vitabu vya bei nafuu na tahajia moja, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930. Lakini nayo haikukamilika. Katika lahaja za kaskazini, paa la nyumba na paa wa porini hutofautiana kwa pumzi. Tahajia sanifu huyaandika sawa.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa ya urithi. Wajukuu walirithi masanduku ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada mingi kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo miswada huweza kupigwa picha na kuhifadhiwa katika kompyuta. Picha hizo huiokoa karatasi. Kuyaokoa maneno yaliyomo kunahitaji wanafunzi watakaofundishwa tena kuisoma hati hiyo.