Baba Kelele, Mtoto Kimya: Maxim Wawili na Gobore la Kusini

Wadau, kama una babu Nandagala au Nachingwea, muulize habari za gobore: bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, fundi wa kijijini anaichonga kwa mkono. Mwaka 1905 Wamwera waliingia Vita vya Majimaji na silaha hizo, mikuki na maji ya dawa. Kule Mahenge, Agosti 30, wenzao walivamia boma la Wajerumani wakapokelewa na rashasha za Maxim. Wakaanguka kwa mamia.

Sasa sikia hii. Hiram Maxim aliyeiunda rashasha hiyo aliishia kiziwi kwa milio ya majaribio yake mwenyewe! Na mwanae, Hiram Percy, ndiye aliyepata hataza ya kiziba mlio mwaka 1909. Kinafanya kazi kama eksozi: gesi ya moto inapunguzwa kasi kwenye vyumba vidogo kabla ya kutoka. Bunduki haiwi bubu kama kwenye muvi, msidanganyike.

Basi ukiambiwa "kuna fundi anachonga, bei poa", kimbia. Kikikaa upande kidogo tu, risasi inakipasua mbele ya uso wako. Na Bongo, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 inataka leseni hata kwa gobore la babu.