Kujihoji na Kuhojiwa: Utii wa Muumini Kando ya Mto Shari

Jina la Shari humshtua Mswahili wa pwani, maana kwake shari ni kinyume cha heri. Kwetu Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo, ni jina la mto, ule unaozungusha mitambo ya umeme ya Budana, na mtu husema anakwenda kusali Shari bila yeyote kucheka. Mimi huligeuzageuza jina hilo kichwani kila ifikapo Jumapili ya Meza ya Bwana.

Katika kanisa nililolelewa, wazee waliketi siku mbili kabla ya Meza na kupitia majina: nani kagombana na jirani, nani kaoa mke wa pili, nani hakuitikia wito wa mchungaji. Jumapili sahani ya mkate ilipita benchi kwa benchi, na kwa waliotiwa nidhamu ikapitiliza. Namkumbuka mama mmoja aliyeinama kumfunga mwanawe kamba za viatu mpaka sahani ikaishia upande wa pili. Mtoto yule alikuwa amevaa kandambili.

Paulo anapowaandikia Wakorintho habari za Meza hiyo (1 Kor. 11:28), kitenzi chake kinamrudia mtendaji: mtu ajihoji. Kwa Kiyunani ni dokimazo, neno lililotumika pia kwa kupima madini kama ni safi, na mchimba dhahabu wa Mongbwalu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mizani imetiwa mkononi mwa muumini mwenyewe. Sisemi kwamba kanisa halina la kufanya. Sura ya 5 ya waraka huohuo inaagiza mwenye kosa la wazi atengwe. Lakini hukumu ile inatolewa kusanyiko likiwa pamoja, si na watu watano katika chumba cha ofisi.

Kifungu kinachopendwa zaidi mimbarani ni 2 Kor. 13:5, kinachowataka waumini wajipime kama wamo katika imani. Huhubiriwa kana kwamba kipimo cha imani ni kumtii kiongozi. Anayeanzia aya ya 3 atakuta jambo jingine: Wakorintho walikuwa wakidai uthibitisho kwamba Kristo anasema ndani ya Paulo. Aliyetiliwa shaka ni kiongozi! Paulo hawakemei kwa kuuliza. Anawarudishia kipimo, kisha anajiweka mwenyewe ndani yake, yuko radhi aonekane ameshindwa mradi wao watende mema, na katika aya ya 10 anakiri kwamba mamlaka aliyopewa ni ya kujenga, si ya kubomoa. Mahubiri niliyoyasikia juu ya sura hii mara nyingi hukomea kabla ya aya hiyo.

Waebrania 13:17 nayo inaagiza utii, na haifai kuipunguza makali. Ila viongozi wanaotiiwa pale ni wale watakaotoa hesabu, na aya ya 7 imekwisha kuwataka waumini wachunguze mwenendo wa waliowaongoza umeishia wapi. Utii unaotakiwa ni wa mtu aliyetazama kwanza.

Kanisa la Uganda, lililomtuma Apolo Kivebulaya Boga, kusini mwa Bunia, mwaka 1896, lilikutana na suala hili ana kwa ana. Oktoba 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa mbele yao, walifukuzwa kwa sababu walikataa kuacha ibada zao za alfajiri na mahubiri ya toba walipokatazwa na mkuu wa chuo. Walikuwa walokole, watu wa uamsho wa kuungama dhambi zao mbele ya wenzao. Wangeweza kuanzisha kanisa lao. Hawakufanya hivyo, Nagenda aliendelea kuhubiri bila kupadirishwa maisha yake yote, na uamsho huohuo ukaja kulipatia kanisa maaskofu kama Festo Kivengere na Janani Luwum. Walikataa amri wakabaki nyumbani. Naona hapo utii mzito kuliko wa anayeitikia ndiyo kwa kila jambo, ingawa walokole nao baadaye walibanana wao kwa wao, hata juu ya madeni.

Wapo watakaosema kwamba Bunia ina makanisa ya kutosha yaliyozaliwa na ugomvi, na kwamba kumpa kila muumini mizani ni kuongeza mengine. Hoja ina uzito. Lakini vita vya 1999 hadi 2003 vilipoanza, Ituri haikuwa na upungufu wa makanisa wala wa waumini watiifu. Aliyezoea kumkabidhi mwingine dhamiri yake haulizi sana huyo mwingine ni nani.

Kila Jumapili, wakati wa matangazo, karani husimama na kutusomea sadaka ya wiki iliyopita, ya watu wazima na ya watoto, mpaka faranga ya mwisho, na mtu wa benchi la nyuma ana haki ya kuinua mkono akiona jumla haikubali. Hakuna anayeita hilo uasi. Kikao cha wazee cha kabla ya Meza hakina matangazo ya namna hiyo, na jina la mchungaji silikumbuki katika orodha.