Nguvu-farasi: za injini au za magurudumu?

James Watt alilinganisha injini za mvuke na farasi, na kipimo hicho, wati 746 hivi, bado tunacho. Lakini tukisema lori lina nguvu-farasi 400, tutaje pia zimepimwa wapi. Kwa kawaida ni kwenye injini. Njiani kuelekea magurudumuni, sehemu yake hugeuka joto: kidogo kwenye giaboksi, zaidi kwenye difu, ambako mwendo hupinda nyuzi 90, meno yakiteleza kwa msuguano na oili nzito ikikorogwa. Mafundi wengi hukata asilimia 15 wakaridhika. Hayo ni makadirio ya kuanzia tu, kwani oili ikiwa baridi hasara huongezeka, na lori lenye difu mbili hupoteza zaidi ya lenye moja.