Kabla Hujanunua Saa ya Mazoezi, Ijue Hadithi ya Namba Zake

Pita Mpanda mjini alfajiri, kuanzia Makanyagio hadi upande wa Uwanja wa Azimio, utawaona tu: vijana wa mazoezi, raba miguuni, simu mfukoni na kitu cheusi kinachowaka mkononi. Saa ya mazoezi hiyo. Mtu akimaliza kukimbia, namba zinapanda statasi: hatua elfu kumi na kitu, mapigo 160, kalori 600. Emoji ya moto, imeisha.

Kisichopanda statasi ni asili ya namba hizo. Hatua zina kwao, mapigo yana kwao, kilomita zina kwao. Kila moja ilianza sehemu tofauti, na watu wake walikuwa na shida yao. Mwenye kuijua hadithi hiyo si rahisi kupigwa dukani. Asiyeijua atatoa laki kadhaa kwa kitu ambacho hata hakihitaji, au elfu ishirini kwa kitu kinachomdanganya kila asubuhi. Na kama mtu huyo ana presha au sukari, uongo huo unaweza kumtoa roho.

Haya, twende taratibu.

Katavi walipima safari kwa miguu ya wengine

Mkoa wa Katavi ni mdogo kiumri, umemegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Lakini njia zake ni za zamani mno. Karne ya 19 sehemu kubwa ya eneo hili iliitwa Ukonongo na Ukawendi, na misafara ilikatiza huku kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimsaka David Livingstone, kisha mwanzoni mwa 1872 wakarudi pamoja kuelekea Tabora.

Sasa cheki alivyopima mwendo. Kwenye kitabu alichotoa mwaka huohuo wa 1872, Stanley aliorodhesha kambi za safari yake, na mbele ya kila kambi akaandika saa na dakika za kutembea. Kambi hii mpaka ile, saa kadhaa na dakika kadhaa. Hakukuwa na setelaiti wala kibao cha kilomita njiani. Kipimo kilikuwa muda, na muda huo ulitembewa na wapagazi wenye mizigo begani na vichwani.

Wachache, kama Bombay aliyekuwa kiongozi wa askari wa msafara, wametajwa kwa majina. Wengine wengi hawana majina humo. Miguu yao ndiyo iliyokuwa saa, ila namba zikaandikwa kwenye daftari la mwingine kwa faida ya mwingine. Hilo lishike, tutalirudia.

Somo la kwanza hilohapo, na ni la bure: ukijua umetembea dakika ngapi kwa mwendo gani, tayari una nusu ya kile ambacho saa ya laki tano itakuambia.

Bayi hakuwa na kitu mkononi

Ruka mpaka tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi wa Tanzania anachomoka tangu bunduki inapolia kwenye mita 1500, anawaacha wenzake nyuma na kumaliza kwa dakika 3:32.2. Rekodi ya dunia. John Walker aliyemfukuza mpaka mstarini naye alivunja rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili moja kule Kingston, Jamaica, kwa 3:51.0.

Hakuna saa iliyomwambia mapigo yake yako wapi. Kilichofanya kazi ni mazoezi na mwili alioujua mwenyewe.

Halafu njoo Septemba 2025, Tokyo. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros wanafika mwisho wa maratoni ya mashindano ya dunia wakiwa sawasawa, wote 2:09:48. Picha ya mstarini ikaamua: Simbu kashinda kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Kwa hiyo vipimo vina kazi yake, tena kubwa. Ila kipimo hicho kilijibu swali moja tu, nani katangulia, na kikalijibu vizuri. Hicho ndicho kipimo kizuri.

Elfu kumi ilianza kama jina la bidhaa

Tokyo hiyohiyo, miaka 61 nyuma. Olimpiki ya 1964 imeisha, Wajapani wamepata moto wa mazoezi. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ikaingiza sokoni kifaa cha kuvaa kiunoni, jina lake Manpo-kei, maana yake ni kipima hatua elfu kumi. Namba nzuri, inakaa kichwani, inauzika. Leo imejazwa kwenye saa za dunia nzima kana kwamba ni amri ya daktari.

Kumbe utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kuongezeka mpaka karibu 7,500, ikatulia hapo. Walikuwa wazee, kwa hiyo kijana usiichukue namba hiyo kama yako. Lakini mama yako akikuambia amefikisha elfu tano, mpongeze. Usimcheke eti bado nusu.

Kuna lingine. Kinachohesabu hatua ni kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono. Dada anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika, anatembea kweli lakini saa inaweza isihesabu. Kaka wa bodaboda kwenye barabara ya mashimo amekaa tu, na saa inaweza kumpa hatua za zawadi. Kwa maisha ya Mpanda, hatua ni namba ya kukisia. Ipende, ila usiigombanie.

Mapigo ya moyo yalitoka kwenye theluji

Ufini, watu wanateleza kwenye theluji masafa marefu, na makocha wanataka kujua moyo wa mwanamichezo unapiga vipi akiwa kwenye mbio zenyewe. Mwalimu wa chuo kikuu cha Oulu, Seppo Säynäjäkangas, akaanzisha kampuni ya Polar mwaka 1977. Mwaka 1982 wakatoa kifaa kisicho na waya: mkanda kifuani unasoma umeme wa moyo, saa mkononi inaonyesha namba.

Saa za leo nyingi zinatumia njia nyingine. Geuza saa uone taa ya kijani. Damu hunyonya mwanga huo, kwa hiyo kila pigo la moyo linabadilisha kiasi cha mwanga kinachorudi, na saa inahesabu mabadiliko hayo. Ni rahisi na haina usumbufu. Shida inakuja mkono ukitikisika sana, mkanda ukilegea, au ukiwa na tatuu mahali pale. Watu huuliza pia kuhusu ngozi nyeusi, na ni swali la haki. Utafiti wa mwaka 2020 uliopima saa kadhaa kwa watu wa rangi mbalimbali haukuona tofauti kubwa ya usahihi kwa sababu ya rangi. Ilichokiona ni kwamba makosa yalipanda kwa wastani wa asilimia 30 mtu akiwa kwenye shughuli kuliko akiwa ametulia.

Kwa hiyo kama mazoezi yako ni kukimbia kwa kasi na kupumzika, kukimbia na kupumzika, mkanda wa kifuani wa kawaida unaweza kukufaa kuliko saa ya bei mbaya. Wa kutembea na kukimbia polepole, taa ya kijani inatosha, mradi uibane vizuri juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Na ile hesabu ya 220 toa umri wako? Ni makadirio tu. Mwenye miaka 25 inampa 195, lakini watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana vizuri tu. Usijiue kuikimbilia.

Kilomita zilikuwa mali ya jeshi

GPS ni mradi wa jeshi la Marekani ulioanza mwaka 1973. Raia walipoanza kuutumia, serikali iliuharibu kwa makusudi, mtu anaweza kuonyeshwa mita 100 kutoka alipo. Uharibifu huo ulizimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Miaka mitatu baadaye, 2003, Garmin wakatoa Forerunner ya kwanza ya mkimbiaji. Fitbit walifuata na kifaa chao 2009, Mi Band ya Xiaomi ikashusha bei 2014, Apple Watch ikaja 2015.

Kwa mkimbiaji wa Mpanda hapa ndipo penye utamu. Njia za Kawajense au Misunkumilo hazina vibao vya kila kilomita. Na anga liko wazi, hakuna maghorofa ya kuzuia setelaiti, kwa hiyo GPS inafanya kazi safi. Ila uliza muuzaji swali moja: GPS imo ndani ya saa, au inategemea ya simu? Nyingi za bei nafuu zinategemea simu. Kama huwa unakimbia na simu, sawa, okoa hela yako. Kama unaiacha nyumbani, hapo ndipo penye sababu ya kuongeza bajeti.

Wahadzabe na uongo wa kalori

Sasa turudi kwa wale wasiotajwa. Kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, watafiti waliwavalisha Wahadzabe vipimo. Matokeo ya 2012 yalihusu watu wazima 30: wanaume walitembea kwa wastani kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Utafiti mwingine uliotoka 2017 ukatumia vipima mapigo na kukuta wastani wa dakika 135 za shughuli za nguvu ya kati au zaidi kila siku. Gym hawana, changamoto ya mtandaoni hawana.

Kilichowashangaza watafiti wa 2012 ni hiki: ukishazingatia ukubwa wa mwili, nishati ambayo Wahadzabe walitumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili unajua kubana matumizi. Haufanyi hesabu ya kutembea zaidi sawa na kuchoma zaidi, kama saa inavyotaka uamini.

Chuo Kikuu cha Stanford nacho kilipima vifaa saba kwa watu 60 mwaka 2017. Mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea chini ya asilimia 5. Kalori, kile bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, kibovu zaidi asilimia 93. Kwa hiyo ukiona umechoma 600, usiende kulipiza kwa chipsi mayai mbili.

Wahadzabe wale nao, kama wapagazi wa 1871, wamebaki wastani kwenye karatasi. Wewe una bahati, namba ziko mkononi mwako. Ila hazibaki hapo peke yake, zinaenda kwenye kampuni yenye programu. Mwanzoni mwa 2018 ramani ya wakimbiaji ya Strava iligundulika inaonyesha hadi kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wanakimbia na saa zao. Weka njia yako ya alfajiri iwe siri, hasa dada unayekimbia peke yako muda uleule kila siku. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini kitufe cha faragha kiko kwako.

Basi ununue ipi?

Anza na swali lako, saa ifuate.

Unataka kuacha kukaa tu? Bendi ya kawaida ya kuhesabu hatua inatosha, na chaji yake hukaa siku nyingi, jambo la maana umeme ukisumbua. Unajiandaa na nusu maratoni? Tafuta GPS ya ndani. Unafanya mazoezi makali ya kupima moyo? Mkanda wa kifuani. Mpira wa jioni na marafiki? Kusema kweli, nunua viatu vizuri kwanza.

Ukiwa dukani, washa kipimo cha mapigo halafu ivishe chupa ya maji au karatasi ya chooni ya mviringo. Ikikupa mapigo 78 ya chupa, umeona mwenyewe. Nyingine hata nzima zinaweza kubabaishwa na mwanga unaorudi, kwa hiyo ijaribu na mkononi: kaa utulie, hesabu mapigo ya shingoni kwa dakika moja, linganisha. Zikipishana sana, rudisha. Na hakikisha inakubaliana na simu yako kabla hela haijatoka.

La mwisho, na hili halina utani. Saa inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, iache hapohapo. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha hata saa moja au pete ya aina hiyo. Mgonjwa wa kisukari akidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo, anaweza asiamke. Mzee wako akiambiwa dukani kwamba saa hii inatosha, mshike mkono umpeleke hospitali akapimwe kwa kifaa cha kweli.

Wapagazi wa Ukonongo hawakuulizwa miguu yao inapimwa kwa ajili gani. Wewe unaweza kujiuliza kabla hujalipa. Haya, iliyoko mkononi mwako sasa hivi inajibu swali gani?