Kutu Inayozuia Kutu

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Basi na dawa ya kutu ni kutu.

Mwaka 1912, mjini Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alitakiwa kutafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Agosti 1913 aliyeyusha chuma chenye kromi kiasi cha asilimia 12.8, akaona tindikali inashindwa kukila kama vyuma vingine. Si yeye wa kwanza kuchanganya kromi na chuma. Mfaransa Léon Guillet alimtangulia kwa miaka kadhaa, na mwaka 1911 Mjerumani Monnartz alikwisha kueleza kuwa mchanganyiko huo hustahimili kutu. Lakini Brearley ndiye aliyewaza visu vya mezani. Fundi visu Ernest Stuart akavijaribu kwa siki, visipate doa.

Siri yake ni nini? Kromi ikikutana na hewa hufanya oksidi, nayo ni namna ya kutu. Kutu ya chuma cha kawaida hubanduka, ikaacha chuma kiendelee kuliwa. Hii ya kromi hugandamana, utando mwembamba usioonekana kwa macho, na ukikwaruzwa hujifunga wenyewe.

Hata hivyo utando huo una maadui wawili: moto mkali na chumvi. Katika miaka ya 1940, injini za ndege zilipozidi kuwa na joto, Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilitengeneza koti la kauri lililoitwa A-417. Lilikuwa glasi iliyosagwa pamoja na oksidi ya kromi, likapakwa juu ya chuma na kuchomwa tanuruni. Tazama, wataalamu waliirudia dawa ileile, ila safari hii waliinenepesha.

Adui wa pili tunaye sisi wa pwani. Mtu hununua vyuma vya baraza kwa bei kubwa, akaambiwa havishiki kutu kamwe. Miezi michache baadaye upepo wa bahari umevitia madoa ya kahawia, naye analia kwamba ameuziwa bandia. Pengine si bandia. Chumvi imetoboa utando, na hakuna aliyemwambia avioshe mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi.

Muuzaji akikuapia kuwa chuma chake hakishiki kutu, muulize kwanza: hata kando ya bahari?